Kutoka Matuta hadi Uhuru: Malalamiko ya Wakulima Yalivyoijenga TANU

Historia ya uhuru wa Tanganyika tunayofundishwa shuleni huanza tarehe 7 Julai 1954, siku TANU ilipoundwa Dar es Salaam, na huishia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza iliposhushwa. Kati ya tarehe hizo mbili kuna Mwalimu Nyerere, safari ya New York, mikutano ya hadhara na chaguzi. Yote hayo ni kweli na yanastahili heshima yake. Hata hivyo masimulizi hayo yanaruka swali kubwa. Chama kilichoundwa na watu wachache katika mji mmoja kilipataje, ndani ya miaka minne au mitano, wafuasi kwa malaki katika nchi yenye makabila zaidi ya 100, barabara mbovu na wasomaji wachache wa magazeti? Hotuba nzuri haitoshi kueleza jambo hilo, kwa kuwa watu wengi waliojiunga hawakuwahi kuisikia. Ninachotaka kukionyesha hapa ni kwamba TANU iliwakuta watu waliokwisha kuvutana na serikali kwa miaka kumi, kila sehemu kwa jambo lake: hapa kodi, pale ardhi, kwingine matuta au mizani ya pamba. Hakuna hata moja kati ya malalamiko hayo lililoanza kwa kudai uhuru. Yalifika huko kwa sababu ya majibu ambayo serikali iliyatoa kila watu walipolalamika kwa adabu na kwa kufuata taratibu zilizowekwa na serikali yenyewe.

Ili kuelewa majibu hayo, ni lazima kwanza kuelewa jinsi serikali ile ilivyopangwa. Waingereza waliipata Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1922 Umoja wa Mataifa wa wakati ule uliwathibitishia kuisimamia kwa niaba yake. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, aliondoa mtindo wa Wajerumani wa kutawala kwa maakida na kuleta utawala wa kupitia machifu. Sheria ya mwaka 1926 iliwapa machifu hao mahakama zao, hazina zao na uwezo wa kutoa amri ndogondogo zenye nguvu ya kisheria. Kwa nje ilionekana ni kuwarudishia wenyeji mamlaka yao. Kwa ndani, chifu akawa mtu anayelipwa mshahara na serikali, anayeweza kuondolewa na serikali, na anayetangaza amri ambazo mara nyingi ziliandikwa mezani kwa bwana DC, yaani mkuu wa wilaya. Mwananchi mwenye malalamiko alitakiwa kuyapeleka kwa chifu, naye chifu ayapandishe juu. Lakini kwa mambo mengi yaliyowaumiza watu, chifu huyohuyo ndiye aliyewatoza faini. Ukimruka yeye, unaandika barua kwa DC, kisha kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa gavana, kisha kwa waziri wa makoloni London. Katika ngazi zote hizo hapakuwa na hata mtu mmoja aliyepata kiti chake kwa kuchaguliwa na mkulima. Waafrika wawili wa kwanza waliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwishoni mwa mwaka 1945, Kidaha Makwaia wa Usukuma na Abdiel Shangali wa Machame. Wote wawili walikuwa machifu, na wote wawili waliteuliwa na gavana.

Kwa miaka ishirini mfumo huo ulistahimilika, kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa dhaifu na haikuingia sana katika shamba la mtu. Hali ilibadilika baada ya Vita Kuu ya Pili. Uingereza ilitoka vitani na madeni makubwa, ikihitaji mafuta ya kula, pamba, katani na kahawa kutoka katika makoloni, na wataalamu wake walikuwa wameingiwa na hofu ya kweli kuhusu mmomonyoko wa udongo. Ndipo walipoanza kumiminika mabwana shamba na mabwana mifugo, wakiwa na miradi na kanuni. Usukumani, mradi mkubwa ulioanza mwaka 1947 ulileta masharti ya kupunguza ng'ombe, kulima kwa matuta, kutumia samadi na mengine mengi, kila moja likiwa na faini yake. Usambara ilikuwa na mradi wa Mlalo, Uluguru ikaja kuwa na wake. Wanahistoria wengine wameuita wakati huo uvamizi wa pili wa wakoloni, na nadhani jina hilo linafaa, kwa maana mkulima wa kawaida aliyeweza kuishi mwaka mzima wa 1930 bila kukutana na mtumishi wa serikali isipokuwa siku ya kodi, kufikia mwaka 1950 alikuwa anaelekezwa namna ya kushika jembe. Na katika miaka hiyohiyo, serikali ya London ilikuwa inaendesha mradi wake wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walipanga kulima ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta yakavunjika, udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua ikapungua, na mradi ukafutwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Watu walioambiwa kwamba hawajui kulima waliyaona hayo kwa macho yao.

Ugomvi wa kwanza mkubwa ulikuwa umetokea Upare kabla hata vita havijaisha, nao ulikuwa juu ya kodi. Katikati ya vita, mamlaka ya machifu wa Upare, kwa ushauri wa serikali, ilianzisha kodi ya nyongeza iliyokadiriwa kulingana na mali ya kila mtu. Kamati zilipita kuhesabu ng'ombe, kahawa na mashamba, kisha zikaamua huyu alipe kiasi gani na yule kiasi gani. Watu waliita kodi hiyo mbiru. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakaketi pale kwa amani wakisubiri kusikilizwa. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba hawakukataa kulipa kodi. Walikataa makadirio: nani aliwapa wajumbe wa kamati haki ya kuchungulia mali ya jirani, na kama mtu ameonewa, atakata rufaa kwa nani? Jibu walilopewa kwanza ni amri ya kurudi nyumbani na kulipa. Mvutano ukachukua muda mrefu, viongozi wakashitakiwa, malalamiko yakaandikwa hadi London, na wanawake nao wakaingia. Mwishowe serikali ikaiondoa kodi ile. Wapare walishinda, na bado ushindi wao ulibaki Upare. Hakuna aliyedai kwamba gavana aondoke. Nalitaja hili mapema kwa sababu linaonyesha mpaka wa malalamiko: jambo likitatuliwa, watu hurudi shambani. Kama serikali ingeendelea kusikia, hata kwa kuchelewa kama ilivyofanya Upare, sina hakika kwamba TANU ingepata wafuasi kwa kasi ile.

Meru ni habari nyingine. Mwaka 1946 serikali ilimteua jaji Mark Wilson achunguze tatizo la ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi, ambako Wachaga, Waarusha na Wameru walikuwa wamebanwa milimani na mashamba ya walowezi. Tatizo lilikuwa kubwa na kila mtu alilijua. Taarifa yake ya mwaka 1947 ilipendekeza mabadilishano: sehemu fulani zirudishwe kwa Waafrika, na sehemu nyingine, pamoja na Engare Nanyuki na Leguruki kaskazini-mashariki ya mlima Meru, wapewe walowezi wafuge ng'ombe wa nyama na wa maziwa, ili ardhi ya Wazungu iwe kipande kimoja kilichoungana. Wameru waliokuwa wakiishi huko wangehamishiwa Kingori, bondeni, kwenye joto, malaria na mbung'o. Wakakataa. Walieleza kwamba ile ni ardhi yao, na kwamba sehemu ya ardhi hiyo walikuwa wameinunua kwa fedha zao wenyewe baada ya Wajerumani kuichukua. Hoja hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee, maana walikuwa wamefuata kanuni za mtawala kwa ukamilifu: waliambiwa kwamba ardhi hupatikana kwa kununua, wakanunua. Novemba 1951 askari waliingia, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa ili kuwapisha walowezi 13.

Nadhani siku zile za Novemba 1951 ziliubadilisha mkondo wa siasa ya Tanganyika kuliko tukio jingine lolote kabla ya TANU, na sababu yake iko katika hatua waliyochukua Wameru baadaye. Hawakushika mikuki. Walichanga fedha, wakamchagua Kirilo Japhet awe msemaji wao, wakamchukua wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na wakapeleka kesi yao Umoja wa Mataifa. Hilo liliwezekana kwa sababu tangu mwaka 1946 Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini: Uingereza iliitawala chini ya mkataba na Umoja wa Mataifa, na mwananchi alikuwa na haki ya kupeleka malalamiko huko. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama New York, akaeleza kwa nini watu wake walitolewa katika ardhi yao. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu iliwaunga mkono Wameru. Azimio lilipofika kwenye Baraza Kuu zima lilipata kura nyingi lakini likashindwa kufikisha theluthi mbili, na ardhi haikurudishwa. Kirilo alirudi bila ardhi. Alichorudi nacho ni somo, na alizunguka nalo mikoani akisimulia katika mikutano ya Tanganyika African Association (TAA): barua zimeandikwa, sheria imefuatwa, dunia imesikiliza, wengi wamekubali kwamba tumeonewa, na bado hakuna kilichobadilika, kwa sababu anayeshika nchi ndiye mwenye neno la mwisho. Mtu wa Mwanza au Songea, ambaye hakuwahi kuuona mlima Meru, aliposikia hayo alielewa kwamba shamba lake mwenyewe haliko salama zaidi ya shamba la Engare Nanyuki.

Hapo ndipo malalamiko ya kabila moja yalipoanza kuwa ya nchi. Na chombo cha kuyabeba kilikuwa tayari. African Association ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929 na makarani, walimu na wafanyabiashara wa mjini, ikajulikana kama TAA kuanzia mwaka 1948. Kwa miaka mingi ilikuwa chama cha waungwana, chenye matawi ambayo mengine yalilala na kuamka kulingana na karani gani amehamishiwa wapi. Mwaka 1953, serikali ya Gavana Edward Twining iliwapiga marufuku watumishi wake kujihusisha na vyama vya siasa. Lengo lilikuwa kukikata chama kichwa. Matokeo yake yalikuwa kwamba uongozi wa matawi mengi uliwaangukia watu ambao serikali haikuweza kuwafukuza kazi: wenye maduka madogo, wakulima, madereva, watu wa ushirika. Hao ndio walioishi karibu na malalamiko.

Kanda ya Ziwa inaonyesha hilo vizuri. Wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na lalamiko rahisi kulieleza: mizani. Pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara Waasia, na mkulima asiyejua kusoma namba alisimama mbele ya mizani akiwa hana la kufanya ila kuamini. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao, kisha wakaunda vyama vya ushirika, na chini ya Paul Bomani vyama hivyo vikaungana mwaka 1955 kuwa shirikisho la Victoria, moja ya mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika. Mizani ilikuwa imepata dawa. Lakini katika kuitafuta dawa hiyo, wakulima wa mamia ya vijiji walijifunza kukutana, kuchagua mwakilishi, kutunza daftari la fedha na kumhoji aliyechaguliwa. Walipogeuka kuitazama serikali ya wilaya kwa kipimo hichohicho, hawakukuta kitu cha kuhoji: chifu hakuchaguliwa nao, DC hakuchaguliwa nao, na kanuni za mifugo hazikujadiliwa nao. TAA ilipogeuzwa kuwa TANU, serikali ilitumia sheria mpya ya kusajili vyama ya mwaka 1954 kuikatalia matawi Usukumani, na katazo hilo lilidumu hadi mwaka 1958. Huko ndiko chama kilikuwa na wafuasi wengi na wenye hasira, na huko ndiko kilikatazwa kuwapo. Ushirika ukaendelea na kazi yake, na mazungumzo ambayo hayakuruhusiwa kwenye mikutano ya siasa yakaendelea kwenye foleni za pamba.

Uluguru ndiko lalamiko lilipofikia damu. Mradi wa huko uliwataka watu wachonge milima kwa matuta ya ngazi, kazi nzito isiyokuwa na malipo. Katika miteremko mingi, kuchonga ngazi kulifukia udongo mzuri wa juu na kuleta juu udongo mkavu wa chini, ambao haukuotesha chochote cha maana. Mkulima alifanya kazi mara mbili akavuna nusu. Walipeleka malalamiko kwa chifu wao, ambaye alikuwa ndiye msimamizi wa mradi. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, ghasia zikatokea, polisi wakapiga risasi na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mradi wa matuta ukaachwa. Tazama mpangilio wa mambo: miaka mitano ya maneno haikubadilisha kitu, siku chache za ghasia zikabadilisha kila kitu. Serikali yoyote inayojibu hivyo inawafundisha watu wake somo baya. Ni sifa kubwa ya viongozi wa TANU kwamba walilikataa somo hilo, wakasisitiza mapambano yasiyo na silaha. Kumbukumbu ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907, na njaa iliyoua watu wengi baada yake, ilikuwa bado hai kusini ya nchi, na jirani Kenya hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952.

Kuna pingamizi la haki linalotolewa hapa, nami sitaki kulipita. Wataalamu wale, husemwa, hawakuwa wajinga wala waovu. Udongo wa Uluguru ulikuwa kweli unaporomoka mtoni, na ng'ombe wa Usukuma walikuwa kweli wengi kuliko malisho. Siasa ilitumia uchungu wa watu kuangusha miradi ambayo ingewafaa wajukuu wao. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Mmomonyoko ulikuwapo, na umezidi tangu wakati huo. Lakini wakulima hawakuwa na njia ya kuwaambia wataalamu mahali walipokosea, na walikosea mara nyingi. Mluguru alijua kwamba ngazi zinafukia udongo wa juu msimu mmoja tu baada ya kuzichimba. Hapakuwa na kikao ambacho maneno yake yangeweza kusimamisha amri. Elimu ya kilimo isiyosikiliza mwenye shamba hupoteza upande mmoja wa ushahidi. Kwa hiyo hata tukiwapa wataalamu nia njema yote, tatizo linabaki lilelile: amri ilikuwa na njia ya kushuka, na habari haikuwa na njia ya kupanda.

Pingamizi la pili hutoka upande mwingine kabisa. Wapo wanaosema kwamba mkulima alitaka tu kuachwa na ng'ombe wake, na kwamba wazo la taifa na uhuru lilikuwa la wasomi, waliomtumia mkulima kama ngazi. Ni kweli kwamba neno uhuru lilikuwa na maana nyingi, na wengine walitumaini kwamba litamaliza kodi na matuta kwa pamoja. Lakini anayesema hivyo hajatazama nani aliifanya kazi ya kueneza chama. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza tawi la wanawake kuanzia mwaka 1955, hakuwa msomi wa chuo. Alikuwa mwimbaji mkuu katika kikundi cha ngoma cha Bomba, na alivipitia vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam kimoja baada ya kingine, ambamo wanawake walikuwa na uongozi wao, michango yao na mitandao yao ya jamaa hadi bara. Wanawake hao walikuwa na yao ya kulalamikia, kuanzia leseni za pombe hadi kukamatwa mitaani, na hawakuhitaji kuelezwa na mtu serikali isiyowasikiliza ina ladha gani. Kiswahili nacho kilifanya kazi ambayo hakuna chama cha nchi jirani kilichoipata kwa urahisi ule: malalamiko ya Mmeru yalielezwa Lindi bila mkalimani. Wasomi walitoa hoja, katiba ya chama na barua za Kiingereza, na hiyo haikuwa kazi ndogo. Nyerere alipofika mbele ya Baraza la Udhamini tarehe 7 Machi 1955, alipita katika mlango ambao wakulima wa Meru walikuwa wameufungua miaka mitatu kabla, na alikwenda kwa nauli iliyochangwa na wananchi.

Ngazi ya juu ya serikali ilirudia kosa la ngazi ya chini. Twining alitaka katiba ambayo Waafrika, Waasia na Wazungu wangekuwa na viti sawa, na kuanzia mwaka 1955 wajumbe wasio wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria walikuwa 10 kwa kila kundi. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu karibu elfu 20. Ulipokuja uchaguzi wa kwanza, mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi, la sivyo kura yake ingeharibika. Na ili aruhusiwe kupiga kura, alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa. Mkulima wa matuta alifungiwa nje tena. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, TANU nusura ivunjike juu ya kura tatu. Wengi walitaka kususia, Nyerere akawashawishi waingie, na Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake. Waliobaki waliingia wakashinda, wao na wagombea wa rangi nyingine waliowaunga mkono, katika awamu ya Septemba 1958 na ile ya Februari 1959.

Hapa linakuja pingamizi la tatu, ambalo nalisikia mara nyingi kuliko yote: kwamba uhuru wa Tanganyika ulitolewa kama zawadi, kwa kuwa nchi ilikuwa ya udhamini na Waingereza walikuwa wanaondoka Afrika kwa vyovyote. Ushahidi hauliungi mkono. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea nchi mwaka 1954 ulipopendekeza kwamba Tanganyika ingeweza kujitawala ndani ya miaka 20 au 25, Uingereza ilikasirika, ikakataa kuwekewa muda wowote. Januari 1959 waziri wa makoloni na magavana wa Afrika Mashariki walikutana Chequers nje ya London, na mwaka waliouwaza kwa uhuru wa Tanganyika ulikuwa 1970. Uhuru ukaja mwaka 1961. Kitu fulani kililiondoa jambo hilo mikononi mwao, na hatuna haja ya kwenda mbali kukitafuta. Mwaka 1958, wilaya ya Geita ilikataa kwa nguvu halmashauri ya wilaya yenye wajumbe wa rangi zote, pamoja na rundo la kanuni zilizokuwa zimekusanyika kwa miaka kumi. Mamia walifunga safari hadi Mwanza kumwona mkuu wa jimbo, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi, na bado hawakutii. Richard Turnbull, aliyechukua ugavana Julai 1958, alikuwa ametoka Kenya, ambako alishuhudia gharama ya kutawala watu waliokataa. Aliona kwamba hana askari wa kutosha kuzima Geita kumi kwa wakati mmoja. Halmashauri ya lazima ikaachwa, katazo la TANU Usukumani likaondolewa, na serikali ikaanza kuzungumza na chama. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Hadhi ya udhamini ilisaidia, kwa kuwa iliwapa watu jukwaa na kuizuia serikali kutumia nguvu bila aibu. Hata hivyo mkataba wa udhamini ulikuwapo tangu mwaka 1946, na peke yake haukumwondoa gavana wala kumwokoa Mmeru.

Linabaki swali zito zaidi, na wanaolijali suala hili hawana budi kulikabili. Kama wakulima walipigania kusikilizwa, mbona baada ya uhuru amri za kilimo zilirudi, safari hii zikitolewa na viongozi waliowachagua? Jibu la kweli lina pande mbili. Upande mmoja, serikali mpya iligusa palepale penye jeraha: uwezo wa machifu kutawala ulifutwa kisheria mwaka 1963, na halmashauri za kuchaguliwa zikachukua nafasi yao. Upande wa pili, zana za kutoa amri kutoka juu zilirithiwa nzimanzima, kuanzia ofisi ya mkuu wa wilaya hadi sheria ndogo za kulazimisha ekari za mazao. Mwaka 1972 halmashauri hizo zilivunjwa. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, wengi bila hiari yao, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, pamoja na kile kilichozaliwa na ugomvi wa mizani ya pamba, vilifutwa kwa amri. Sioni kwamba hayo yanapunguza thamani ya mapambano ya miaka ya 1950. Yanaonyesha kwamba wakulima wa Upare, Meru, Uluguru na Usukuma walikuwa wamedai jambo kubwa kuliko kubadilisha rangi ya mtoa amri, na kwamba sehemu ya dai lao ilibaki haijalipwa hata baada ya Desemba 1961. Serikali yenyewe ilikuja kulikiri hilo kwa vitendo: sheria za mwaka 1982 zilirudisha vyama vya ushirika na serikali za mitaa, na halmashauri za wilaya zikaanza kufanya kazi tena mwaka 1984.